Kumsomea mtoto hakuzuii kumpeleka hospitali

Na Mwalimu wa Maarifa ya Uislamu, Nyahanga, Kahama

SIFA zote njema anastahiki Allah (SW), Mola wa walimwengu wote, aliyemuumba mwanaadamu kwa umbile bora na akamfundisha aliyokuwa hayajui. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (SAW), ahali zake, maswahaba zake na kila mwenye kufuata mwenendo wao mpaka Siku ya Kiyama.

Ama baad. Ndugu msomaji, Imam Abu Daud amepokea kutoka kwa Sahaba Jabir bin Abdillah (RA) kisa cha watu waliokuwa safarini. Mmoja wao alipigwa na jiwe likampasua kichwa. Usiku akapatwa na janaba. Asubuhi akawauliza wenzake kama sheria inamruhusu kutayamamu. Wakamjibu kuwa hawaoni ruhusa kwake maadamu maji yapo. Akaoga, akafa. Walipomfikia Mtume (SAW) na kumpa habari, alikasirika sana. Alisema kuwa wamemuua mwenzao, akawaapiza, akahoji kwa nini hawakuuliza ilhali hawajui. Kisha akawafundisha kuwa anayeumwa na ujinga, dawa yake ni kuuliza.

Hadithi hii tunaisomesha katika mlango wa tayamamu. Mimi mwenyewe nimeisomesha kila mwaka tangu nimalize chuo kikuu, na kila mwaka niliipitisha haraka kama hadithi ya maji na udongo. Sikuwa nimezingatia kwamba waliokemewa hawakuwa makafiri wala wanafiki. Walikuwa watu wa dini, walioulizwa swali kuhusu kichwa cha mgonjwa, wakajibu kwa uhakika jambo wasilolijua. Nilikuja kuzingatia hilo mwaka 2019, nilipokuwa nimeshakuwa mmoja wao.

Niliyoyafanya

Nilikuwa nikisomesha madrasa jioni baada ya kazi ya shule. Miongoni mwa watoto alikuwepo binti wa miaka tisa aliyeishi na bibi yake. Baba yake alishafariki, na mama yake alikuwa akiuza chakula machimboni Kakola. Familia za namna hii kwetu ni nyingi. Wazazi wanafuata dhahabu, watoto wanabaki na bibi.

Binti alianza kulalamika kichwa, hasa asubuhi. Kisha akaanza kutapika alfajiri kabla hajatia kitu tumboni. Akishatapika anapata nafuu, anavaa sare, anakwenda shule. Bibi alimpeleka zahanati moja, akapewa dawa za malaria. Alirudi tena, akapewa za taifodi, na mara ya tatu dawa za minyoo. Homa hakuwa nayo hata siku moja.

Madrasa nako mambo yalianza kubadilika. Mwandiko wake uliokuwa mzuri ukawa unapanda na kushuka. Akisoma, alikuwa akiinamisha kichwa upande mmoja, kama anayesikiliza kitu begani. Nilimwambia anyooshe shingo. Nilimwambia zaidi ya mara moja, na siku moja nilimwambia nikiwa na fimbo mkononi. Alijaribu kunyoosha, kisha kichwa kikarudi palepale.

Alipoanza kuyumba akitembea na kujigonga kwenye fremu ya mlango, watu wakasema ana jini. Bibi akaja kwangu, akaniambia: "Ustadhi, mwanangu, nisaidie kumsomea huyu mjukuu wangu. Kila asubuhi anatapika na hajala kitu." Nami nikamsomea. Nilimsomea Suratul Fatiha, Ayatul Kursiy na sura mbili za kujikinga kwa muda wa wiki tano. Kuna siku nilikuwa nasoma naye akatapika mbele yetu. Waliokuwepo wakasema jini linatoka. Baada ya kutapika akasema kichwa kimepungua. Ile nafuu tukaihesabu kuwa ni ushahidi. Sikumuuliza daktari yeyote, na hakuna aliyenizuia kuuliza.

Wakati huohuo kulitokea jambo jingine baya zaidi. Kuna jamaa walikwenda kupiga ramli. Wakarudi na maneno kwamba anayemla mtoto yumo humohumo ndani, na ni mtu mzima wa umri. Baada ya hapo bibi alikuwa akifunga mlango kabla ya Magharibi, na maji akawa anayachota mchana tu.

Mama wa mtoto alipoletewa habari alirudi kutoka Kakola. Mtoto akamwambia kuwa anaviona vitu viwiliviwili. Yule mama hakuniuliza mimi wala mpiga ramli. Alimpeleka kwa mtaalamu wa macho, akidhani anahitaji miwani. Mtaalamu alimwangalia ndani ya macho kwa kile kifaa kidogo chenye taa, akaweka kifaa chini, akasema hapa si suala la miwani, tatizo liko kichwani. Akaandika barua ya rufaa saa ileile. Picha ya CT scan iliyopigwa Mwanza ilionesha uvimbe nyuma ya ubongo, na maji yaliyozuiwa nyuma yake.

Alipelekwa Dar es Salaam, karibu kilometa elfu moja kutoka hapa. Alifanyiwa upasuaji, akapata mionzi na dawa. Alhamdulillah, yu hai mpaka leo. Lakini macho hayakurudi. Mama yake aliambiwa kuwa mishipa ya macho ilikuwa imebanwa kwa muda mrefu mno. Katika huo muda mrefu, ndugu msomaji, wiki tano ni zangu.

Kinachotokea ndani ya kichwa

Nilipotulia nilianza kuuliza, kama nilivyopaswa kuuliza mwanzo. Niliuliza madaktari, nikasoma. Naeleza kwa lugha nyepesi ili mwalimu mwenzangu asije akasema hakuelezwa.

Fuvu la kichwa ni chombo kilichofungwa. Ndani yake mna ubongo, damu na maji maalumu ambayo mwili huyatengeneza mfululizo. Kwa mtu mzima hutengenezwa kiasi cha nusu lita kila siku. Maji haya hupita katika njia nyembamba na kunyonywa tena na damu. Sehemu ya nyuma ya ubongo, juu kidogo ya kisogo, ndipo vivimbe vingi vya watoto huota, na njia nyembamba ya maji inapita palepale. Uvimbe ukiiziba, maji hujaa na shinikizo hupanda. Mtu akilala usiku kucha shinikizo huzidi, ndiyo maana kichwa huuma zaidi alfajiri na matapishi huja kabla ya chai. Baada ya kutapika na kusimama, huweza kupungua kwa muda. Kumbe ile nafuu niliyoiona haikutokana na jini kutoka.

Sehemu hiyohiyo ya nyuma ndiyo inayoratibu mwendo na mkono. Ikiguswa, mtoto huyumba, mwandiko huharibika, kikombe humponyoka. Shinikizo likiifikia mishipa ya macho, jicho moja huweza kuvuta upande, mtoto akaona vitu viwili. Ili avione kimoja, huinamisha kichwa. Yule binti alikuwa akiinamisha kichwa ili aone herufi za Qur'an nilizokuwa nikimtaka azisome. Nami nilikuwa nikimwambia anyooshe shingo.

Mtoto mchanga mifupa ya kichwa chake haijaungana, kwa hiyo kwake shinikizo hukipanua kichwa chenyewe. Jambo hili wanazuoni wetu walilishughulikia zamani. Abul Qasim Az-Zahrawi, tabibu Muislamu wa Andalusia aliyefariki mwaka 1013, aliandika juu ya watoto wenye maji kichwani na namna ya kuyatoa kwa upasuaji. Hakuona kuwa kufanya hivyo kunapingana na kumtegemea Allah.

Elimu imefika wapi

Tarehe 1 Oktoba 1971, katika hospitali moja ya London, mgonjwa wa kwanza alipigwa picha ya ubongo kwa mashine ya CT scan iliyobuniwa na mhandisi Godfrey Hounsfield. Kabla ya hapo madaktari walikuwa wakibahatisha, au wakiingiza hewa katika nafasi za maji ya ubongo ili kivuli chake kionekane kwenye eksirei, jambo lililowatesa sana wagonjwa. Hounsfield alipata tuzo ya Nobel mwaka 1979 pamoja na Allan Cormack, mzaliwa wa Afrika Kusini aliyeanza kazi yake ya hesabu za picha hizo akiwa Cape Town. Baadaye ikaja MRI, ambayo haitumii mionzi bali sumaku yenye nguvu, na ambayo huonesha sehemu ya nyuma ya ubongo kwa uwazi zaidi.

Siku hizi wamekwenda mbele zaidi ya picha. Uvimbe ukitolewa huchunguzwa vinasaba vyake. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilitoa mpangilio mpya wa vivimbe vya ubongo, ambao unategemea vinasaba na si sura ya chembe tu chini ya hadubini. Uvimbe uitwao medulobilastoma, ambao ni miongoni mwa saratani kubwa za ubongo wa watoto, uliokuwa ukidhaniwa ni ugonjwa mmoja, sasa umegawanywa katika makundi. Lipo kundi ambalo watoto wake wengi hupona, na lipo ambalo ni zito. Faida yake ni kuwa daktari anajua nani anahitaji dawa kali na nani apunguziwe, kwa sababu mionzi kwenye ubongo wa mtoto ina madhara ya baadaye katika kukua na kusoma.

Katika kufuatilia ugonjwa nako kumefunguka mlango. Mwaka huohuo wa 2021 watafiti wa hospitali ya watoto ya St. Jude, iliyoko Memphis, Marekani, walichapisha utafiti wa watoto wenye uvimbe huo. Walichukua maji ya ubongo kwa sindano ya mgongoni mara kwa mara na kutafuta ndani yake vipande vya vinasaba vya uvimbe. Kwa takriban nusu ya watoto ambao ugonjwa uliwarudia, maji yalitoa habari miezi mitatu au zaidi kabla MRI haijaonesha kitu.

Haya ni maarifa ambayo Allah amewafungulia waja wake, na kipimo cha namna hiyo bado kiko mbali na mtu wa Kahama. Lakini lipo jambo moja ambalo haliko mbali, nalo ndilo lililonifanya niandike makala hii.

Mwaka 2006 huko Uingereza, nchi yenye mashine kila mahali, mtoto mwenye uvimbe wa ubongo alikuwa akichukua zaidi ya wiki 14 tangu dalili ya kwanza mpaka kugunduliwa. Mashine zilikuwepo, tatizo lilikuwa kwamba hakuna aliyedhani. Madaktari na wazazi wakaandaa mwongozo, na mwaka 2011 wakaanzisha kampeni iliyoitwa HeadSmart. Walichapisha kadi ndogo yenye orodha ya dalili, wakaigawa kwa wazazi, shule na madaktari wa kawaida. Ilipofika mwaka 2013 muda ule ulikuwa umeshuka hadi chini ya wiki 7. Muda ulipungua kwa nusu kwa kuwafundisha watu dalili za kutazama.

Hapa kwetu, zamani CT scan ilikuwa ni habari ya hospitali chache kubwa kama Muhimbili na Bugando. Baada ya mwaka 2021 Serikali ilinunua mashine hizo kwa ajili ya hospitali za rufaa za mikoa, kwa fedha za mpango wa kukabiliana na UVIKO-19. Kwa hiyo mashine imetusogelea. Haina faida ikiwa mtoto anabaki nyumbani wiki tano anasomewa na mtu kama mimi.

Dalili za kuzijua

Kichwa kinaumwa na watoto wengi, na walio wengi mno hawana uvimbe. Sisemi haya ili kumtia mama hofu kila mtoto wake akisema kichwa kinauma. Nasema ili ajue lini asitosheke na panadol. Zipo dalili hizi:

- Kichwa kinachoendelea kuuma kwa wiki nne, hasa asubuhi au kinachomwamsha mtoto usingizini.
- Kutapika kunakoendelea kwa wiki mbili, hasa asubuhi, bila homa wala kuharisha.
- Kuyumba, kuanguka ovyo, mkono kukosa nguvu, mwandiko kuharibika ghafla.
- Kengeza lililoanza karibuni, kuona vitu viwili, kuona kwa shida.
- Kuinamisha kichwa upande mmoja, au shingo kukakamaa.
- Degedege lisilo na homa.
- Kubadilika tabia: mtoto mchangamfu amekuwa mzito, mwerevu amekuwa msahaulifu, analala muda wote.
- Kwa mtoto mchanga, kichwa kukua haraka kuliko kawaida.
- Kuchelewa kukua au kubalehe mapema mno au kwa kuchelewa.

Dalili mbili zikikutana, usisubiri wiki zitimie. Na ikiwa mtoto ameshatibiwa malaria mara mbili na hali ni ileile, mzazi ana haki ya kumwambia daktari kwa adabu: naomba mwanangu aangaliwe ndani ya macho, naomba mtazame anavyotembea. Vipimo hivyo viwili havihitaji umeme mkubwa wala kusafiri.

Mwalimu wa madrasa na wa shule ana nafasi ambayo hata daktari hana. Sisi tunamwona mtoto kila siku akisoma, akiandika, akitembea. Mabadiliko yatuonekee sisi kwanza. Kabla ya kunyanyua fimbo kwa mtoto aliyeacha kuandika vizuri, tumuulize kwanza ameanza lini.

Majini, husda na ruqya

Naomba nisieleweke vibaya. Majini wapo, Qur'an imethibitisha. Husda na sihri vipo. Ruqya ya kisheria ni Sunna, na mwenye kuikanusha atakuwa amekanusha Hadithi sahihi. Mpaka leo nawasomea wagonjwa, na wanangu nawasomea kila usiku.

Swali ni je, Mtume (SAW) aliifanya ruqya iwe kizuizi cha tiba? Abu Daud amepokea kuwa Saad bin Abi Waqqas (RA) alipougua, Mtume (SAW) alikwenda kumzuru, akaweka mkono wake mtukufu kifuani pake mpaka Saad akahisi ubaridi wake moyoni. Hakuna mkono wenye baraka kuliko ule. Lakini hakuishia hapo. Alimwambia kuwa ana maradhi ya moyo, akamwelekeza aende kwa Harith bin Kalada wa kabila la Thaqif, kwa sababu yeye ni mtu wa utabibu. Ikiwa Mtume wa Allah amemgusa mgonjwa na kisha akamtuma kwa tabibu, mimi wa Nyahanga ni nani hata nimgande mtoto wa watu wiki tano?

Ametufundisha pia kuwa Allah hakuteremsha maradhi ila ameyateremshia na dawa, na akatuamrisha tujitibu. Na katika Hadithi nyingine iliyomo katika Sunan Abi Daud, ametoa hukumu kuwa anayejitia utabibu bila kujulikana kwa utabibu, huyo ni mdhamini, yaani madhara yakitokea ni juu yake. Mafakihi wamelichukua jambo hili kwa uzito hadi kwenye mlango wa diya. Hukumu hii haimhusu mganga wa kienyeji peke yake. Inamhusu pia ustadhi anayesema "usimpeleke hospitali, wakimchoma sindano jini litamuua." Maneno hayo nimeyasikia kwa masikio yangu, na ni uongo mtupu.

Kanuni iwe hivi: msomee mtoto usiku, asubuhi mpeleke hospitali. Msomee na njiani kwenye basi. Msomee mlangoni mwa chumba cha upasuaji. Hakuna daktari atakayekukataza, na dua ya mzazi ni miongoni mwa dua zinazojibiwa.

Tusimwage damu ya bibi

Katika mikoa yetu hili la ramli si mzaha. Miaka ya 1990 na 2000 Shinyanga na Mwanza zilijulikana nchi nzima kwa mauaji ya vikongwe waliosingiziwa uchawi. Wengi wao kosa lao lilikuwa macho mekundu, macho yaliyoharibiwa na moshi wa kuni na samadi kwa miaka yote waliyotupikia. Septemba 2009 ilikuwa hapahapa Kahama, Mahakama Kuu ilipowahukumu kifo watu watatu kwa kumuua kijana mwenye ualbino kutoka Bukombe. Mwaka 2015 Serikali ilitangaza kupiga marufuku wapiga ramli chonganishi. Marufuku ya Serikali haitoshi ikiwa mtoto akiugua ugonjwa usioeleweka tunaanza kuhesabu wazee wa nyumba.

Waislamu tuna mfano usiohitaji kuongezewa. Mtume (SAW) alikuwa na mtoto mdogo, Ibrahim, akafariki katika mwaka wa kumi wa Hijra. Mtume alimpakata, akalia, machozi yakamtoka. Siku hiyohiyo jua likapatwa. Watu wakasema jua limepatwa kwa sababu ya kifo cha Ibrahim. Fikiri, ndugu yangu. Ni baba aliyefiwa, mwenye huzuni, na watu wanamletea maelezo yanayomtukuza mwanawe. Angenyamaza tu, yangeenea. Lakini alisimama akawaswalisha, kisha akawaambia kuwa jua na mwezi ni alama mbili katika alama za Allah, havipatwi kwa kufa wala kuzaliwa kwa mtu yeyote.

Basi ikiwa Mtume alikataa uzushi juu ya kifo cha mwanawe wakati kaburi bado bichi, sisi tunapata wapi ruhusa ya kumnyooshea kidole bibi kwa sababu mjukuu anatapika? Yule bibi wa Nyahanga ndiye aliyempeleka mtoto zahanati mara tatu. Ndiye aliyeniambia kuwa anatapika kila asubuhi. Maelezo aliyonipa yalikuwa sahihi kuliko majibu yangu yote, na wakati huo watu wanapanga kumuua. Lau ile picha ya Mwanza isingepigwa, na mtoto akafa, sijui bibi angeishi siku ngapi.

Tiba haiishi siku ya kurudi nyumbani

Jambo jingine ambalo tunalipuuza ni kufuatilia. Mtoto akishafanyiwa upasuaji na kurudi anacheka, familia husema amepona, kadi ya kliniki inawekwa kabatini. Lakini uvimbe wa ubongo hufuatiliwa kwa miaka. Hupigwa picha kila baada ya miezi michache mwanzoni, kisha kwa vipindi virefu zaidi. Wataalamu huangalia urefu wake, macho, masikio, homoni na uwezo wake wa kujifunza. Ugonjwa ukirudi na ukagundulika mapema, nafasi ya kuutibu ni kubwa zaidi kuliko ukisubiriwa mpaka mtoto aanze kuyumba tena. Akiwekewa mrija wa kupitishia maji, mrija huo unaweza kuziba, na dalili zake ni zilezile za mwanzo: kichwa, kutapika, usingizi mzito. Hapo ni hospitali siku hiyohiyo.

Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani liliweka lengo kuwa ifikapo 2030 angalau watoto 60 katika kila 100 wenye saratani duniani wanusurike, na aina mojawapo ya uvimbe wa ubongo imo katika saratani sita zilizopewa kipaumbele. Katika nchi tajiri wanaopona wanazidi 80. Katika nchi kama zetu wengi hufa, na miongoni mwa sababu ni kuchelewa kufika na kuacha matibabu katikati. Sababu hizo mbili ziko katika mikono yetu kwa sehemu kubwa.

Msikiti ufanye nini?

Kinachowarudisha nyumbani wengi ni nauli, chakula na mahali pa kulala. Muhimbili wapo wanaosaidia: shirika la Tumaini la Maisha linashirikiana na hospitali ile katika kutibu watoto wenye saratani bila malipo. Lakini mama wa Nyahanga lazima kwanza afike Dar es Salaam, na nyumbani amewaacha watoto wengine.

Katika Suratut Tawba, aya ya 60, Allah (SW) ametaja makundi manane ya wanaostahiki Zaka. Wamo mafukara, masikini, wenye madeni na msafiri aliyekwama. Mama aliyekaa wodini miezi mitatu na mtoto, biashara imekufa, amekopa nauli na hana ya kurudia, anaingia katika kundi zaidi ya moja kati ya hayo. Tunachangishana kwa ajili ya mazulia na vipaza sauti, ni vizuri. Basi katika Baitulmali ya kila msikiti iwepo na sehemu ya mgonjwa wa rufaa. Wachimbaji na wafanyabiashara wa Kahama, Allah amekujaalieni. Nauli ya mtoto mmoja na mama yake ni kitu kidogo kwa mtu aliyepata gramu chache za dhahabu.

Pili, maimamu waombe mganga mkuu wa wilaya atume mtaalamu aje azungumze na walimu wa madrasa, hata mara moja kwa mwaka. Tatu, orodha ya dalili niliyoiandika hapo juu ibandikwe kwenye ukuta wa madrasa. Kwangu nimeshaibandika, kando ya ratiba ya hifdhi.

Yule binti bado anakuja. Anashikwa mkono na bibi yake mpaka mlangoni, anakaa mstari wa mbele, anahifadhi kwa kusikia. Kichwa bado anakiinamisha kidogo akisikiliza. Siku moja nilimwomba msamaha mbele ya bibi yake. Alinyamaza, kisha akaniuliza tumefikia aya ya ngapi.

Ewe Mola wetu, tusamehe tuliyoyafanya kwa kutojua, na utuepushe na kujibu tusiyoyajua. Waponye watoto wetu, hakuna uponyaji ila wako. Walinde wazee wetu na dhulma za ndimi na mapanga, na uwape nguvu wazazi walioko wodini usiku huu. Amin.

Wabillahi tawfiq.